Mrejesho: Kisumu na watoto watatu

Nilipowauliza kama Kisumu ina historia ya kuwaonyesha watoto au ni samaki tu, mligawanyika. Basi tumerudi Nakuru jana, tumeungua na jua lakini wazima.

Mliosema tuanzie makumbusho, ahsanteni. Boma la Kijaluo, Ber-gi-dala, ndilo lililowanasa: nyumba ya mke wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kifungua mimba wangu akauliza, "Sasa baba alikuwa analala wapi?" Mume wangu akajifanya anakagua ghala. Tukaambiwa nyumba ya mwana wa kiume kwa Kijaluo ni simba. Kitindamimba akasikia simba, akagoma kabisa kuingia!

Bandarini nilifeli. Naeleza reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence, wao wanataka soda. Kosa langu, tulienda saa saba mchana. Jua la Kisumu halina mchezo, nendeni asubuhi.

Jioni ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria: mashua, kiboko mmoja kwa mbali, halafu samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali. Wa kati alimchambua wake hadi mifupa ikabaki kama kitana.

Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, hatukufika. Pesa iliishia kwa samaki.