Maumivu yasiyokwisha baada ya kurefushwa mfupa wa muundi: ni kawaida au kuna tatizo?

Binti wa Pangani (swali)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nilipokuwa mtoto niliugua usaha wa mfupa, na ugonjwa huo ukaharibu sehemu ambayo mfupa wa muundi hukulia, hivyo nikawa mtu mzima mguu wa kushoto ukiwa mfupi kwa sentimita 5. Baada ya miaka mingi ya kuvaa kiatu kilichoongezwa soli na kuumwa kiuno, mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kurefusha mfupa kwa fremu ya ringi za chuma, ile ambayo mgonjwa mwenyewe huzungusha nati zake kidogo kidogo kwa spana namba 10. Urefu ulipatikana, miguu sasa inalingana, na fremu ilitolewa mwanzoni mwa mwaka huu.

Hata hivyo, bado natembea kwa gongo moja na maumivu hayajaniacha. Usiku muundi unauma kwa ndani, pale mfupa mpya ulipoota. Asubuhi siwezi kukanyaga kwa kisigino, natangulia vidole mpaka kifundo kilainike. Tena juu ya unyayo ngozi huwaka kama iliyopakwa pilipili, hata shuka ikigusa nashtuka. Nilikofanyiwa upasuaji naambiwa tu kwamba yatapita. Nyumbani nasikia habari za jirani aliyevunjwa mguu na bodaboda akatembea baada ya miezi mitatu, na kila nikienda duka la dawa napewa diklofenaki. Je, hali hii ni ya kawaida, na niendelee na dawa hizo?

Mnyooshaji Viungo (jibu)

Pole sana, dada. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na nimewahudumia wagonjwa wa fremu hizi, kwa hiyo niseme kwanza kwamba habari za jirani yako ziwekwe kando kabisa. Aliyevunjika kwa kawaida huwa na ncha mbili za mfupa zinazogusana, kazi ya mwili ikawa kuziunga. Wewe mfupa wako ulikatwa kwa makusudi, ukaachwa siku chache uanze kujiunga, kisha ukavutwa taratibu, kwa kawaida milimita 1 kwa siku ikigawanywa mara nne, na pengo lote la sentimita 5 likajazwa na mfupa ambao haukuwapo kabla. Njia hii ilibuniwa na daktari Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950, na tangu wakati huo hakuna aliyefanikiwa kuufanya mwili uwe na haraka. Kuvuta sentimita 5 huchukua siku 50 hivi, lakini kukomaa ndiko kunakokula muda: kwa mtu mzima huhesabiwa mwezi mmoja hadi mmoja na nusu ndani ya fremu kwa kila sentimita, na baada ya fremu kutolewa mfupa huendelea kujipanga upya kwa mwaka au zaidi.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba nyama hazirefuki kwa wepesi wa mfupa. Msuli wa kigimbi na kano ya kisigino huvutika na kukakamaa, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kutangulia vidole asubuhi. Keti sakafuni mguu ukiwa umenyooka, pitisha kanga chini ya unyayo karibu na vidole, shika ncha zake mbili na uvute unyayo kuelekea kwako huku goti likiwa limenyooka kabisa, ukae hivyo kwa nusu dakika, uachie, urudie mara kadhaa. Kisha fanya hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kuna msuli wa ndani ambao haufikiwi goti likinyooka. Ukisikia kuvutika nyuma ya kigimbi uko sawa, lakini ukisikia maumivu makali mbele, kwenye mfupa wenyewe, acha. Nionavyo mimi, mengi uliyoyaeleza yako ndani ya mipaka ya kawaida.

Kaka wa Kisumu (jibu)

Mimi nilirefushwa paja baada ya ajali, na kwangu goti ndilo lililonitesa, kwani lilikataa kukunjika hata baada ya mfupa kuwa imara. Maumivu ya usiku nilikuwa nayo pia, yakapungua polepole kiasi kwamba sikumbuki yaliisha lini.

Naongeza onyo moja ambalo mtaalamu hakuligusa. Ukoo wangu uliniletea mkandaji wa kienyeji, mtu mwenye sifa njema kijijini, akiwa na mafuta yake na nia ya kuunyoosha mguu kwa nguvu. Kukandwa kwa upole kwenye kigimbi sina neno nako, lakini asiruhusiwe mtu yeyote kuukunja au kuukandamiza mfupa mpya, kwa sababu miezi ya mwanzo baada ya fremu kutoka ndiyo ambayo mfupa huo huvunjika au kupinda kwa urahisi. Shemeji na mama wakwe watanuna, waache wanune.

Daktari wa Zamu (jibu)

Nakubaliana na maelezo ya mazoezi, ila sikubaliani na kumtuliza mgonjwa kabla ya picha. Dada ameeleza maumivu ya aina tatu, na kila moja ina njia yake. La kifundo limeshajibiwa vizuri. Kuwaka juu ya unyayo kunaelekea zaidi kuwa mshipa wa fahamu uliovutwa wakati wa kurefusha. Mishipa hiyo hupona taratibu mno, na dawa za kawaida za maumivu haziifai sana. Zipo nyingine, kama amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, ambazo huandikwa na daktari baada ya kukupima. Ukiona huwezi kunyanyua kidole gumba au unyayo, au mguu ukivimba, kubadilika rangi na kutoa jasho kuliko mwenzake, usingoje miadi.

Maumivu ya ndani ya usiku ndiyo yanayonipa wasiwasi. Kabla ya fremu kutolewa tunataka picha za eksirei za pande mbili zionyeshe kuta za mfupa mpya zimekamilika angalau tatu kati ya nne, na wakati mwingine fremu hutoka mapema kuliko inavyostahili. Tena usaha wa mfupa wa utotoni unaweza kulala miaka mingi ukaamka mfupa unapoguswa tena. Kwa hiyo piga picha mpya, na upimwe damu kuangalia dalili za uambukizo. Kuhusu diklofenaki, siipendi kwa matumizi ya muda mrefu, kwani huumiza tumbo na figo, na kundi hilo la dawa linashukiwa kuchelewesha mfupa kuunga. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni salama zaidi. Kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Binti wa Pangani

Nawashukuru nyote. Vidole nanyanyua, na mguu haujabadilika rangi. Ila sikutaja kwamba tundu moja ambapo waya ulipita, la chini karibu na kifundo, lilifunga likafunguka tena, na siku nyingine huacha doa la njano kwenye soksi. Nilidhani ni kidonda tu cha juu. Nyumbani kuna vidonge vya antibayotiki vilivyobaki. Je, nivimeze wakati nasubiri?

Daktari wa Zamu

Hapana, usivimeze. Tundu linaloendelea kuvuja muda mrefu baada ya waya kutolewa mara nyingi lina kitu chini yake, pengine kipande kidogo cha mfupa kilichokufa kuzunguka njia ya waya, na hicho hakimalizwi na vidonge bali huondolewa kwa upasuaji mdogo. Ukimeza mabaki ya dawa, doa litakauka kwa muda, na sampuli itakayopelekwa maabara inaweza isioteshe kijidudu chochote, kisha tutabaki kubahatisha dawa. Nenda wiki hii, ikiwezekana kwenye kliniki ya mifupa ya hospitali ya rufaa, useme neno "usaha wa mfupa wa utotoni" mapema kabla hujaulizwa. Ukipata homa kabla ya siku hiyo, usingoje. Chukua picha zako zote za zamani, hasa ile ya mwisho kabla ya fremu kutolewa, kwa sababu daktari atakayekuona atahitaji kuzilinganisha na mpya. Kama hukupewa, unayo haki ya kuziomba ulikotibiwa.