Mwanza siku nne na watoto watatu bila gari, inawezekana au najidanganya?

mamawatatu
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Sisi tunaishi Singida, likizo ya Juni hii tumeamua watoto walione ziwa, maana huyu wa kati (miaka 8) kila siku ananiuliza eti ng'ambo yake inaonekana au haionekani na mimi mwenyewe sijawahi kufika nabaki kutoa macho. Tupo watano, mimi na baba yao na watoto wa miaka 12, 8 na 4. Gari hatuna. Shemeji yangu alishakaa huko, kanambia tukodi Noah siku zote nne, eti Mwanza ni milima na mawe tupu na watoto watanitesa, ila nikipiga hesabu hela ya hiyo Noah ndo hela yetu ya kula na kulala. Mimi nataka tupande daladala na feri kama watu wengine wanavyopanda. Wenyeji nisaidieni, tulale wapi, tuanzie wapi, na huyu wa miaka 4 atawezana na hizo daladala zenu?

mzawa_wa_kirumba
Karibu sana dada, mji wa miamba huu. Shemeji yako kwenye milima hajadanganya, nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi, ila mgeni unaenda kufanya nini huko juu? Daladala zinapita chini. Shika barabara tatu tu: ya Nyegezi–Buhongwa (ndo mtakayoingilia na basi lenu, mtashushwa stendi ya Nyegezi), ya Igoma–Kisesa inayoelekea Musoma, na ya Kirumba–Airport. Zote zinakutana mjini kati. Ukizijua hizo umeumaliza mji, na ukipotea we sema tu "nashuka mjini" konda atakushusha.

Kulala tafuteni gesti mjini au Kirumba, msikae mbali hata kama ni bei rahisi, maana hiyo hela mliyookoa mtaimaliza kwenye bajaji za usiku. Mkikaa mjini, gati la feri ya Kamanga mnatembea kwa miguu, na Jiwe la Bismarck liko hapo hapo majini, lile unaloliona kwenye kila picha ya Mwanza, limesimama juu ya mengine kama mtu kalipanga. Nendeni jioni jua linapozama, bure kabisa.

Siku ya kwanza wapeleke Saanane. Ni hifadhi ya taifa lakini iko ndani ya jiji, kisiwa kidogo hata kilomita za mraba tatu hakifiki. Zamani ilikuwa bustani ya wanyama, tangu 1964, hifadhi imekuwa 2013, na jina ni la mvuvi aliyekuwa anaishi humo. Mnaenda ofisi yao pale Capri Point, boti dakika chache mmefika. Swala, pundamilia, tumbili, pimbi kwenye mawe, na wale mijusi wa vichwa vyekundu mwili wa bluu, wanangu waliwapenda kuliko pundamilia sijui kwa nini. Malipo sio keshi, uwe na hela kwenye simu au kadi, msije mkakwama getini watoto wameshavaa kofia.

Huyo wa miaka 4 utampakata, nauli yake hutaulizwa. Ila epuka daladala saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, hapo hata mtu mzima anapakatwa 😂

baba_nyegezi
Aliyenitangulia kaongea vizuri ila kasahau kitu kitamu kuliko vyote, mzunguko. Familia yangu kila mgeni akija tunampitisha huko. Asubuhi mnapanda feri ya Kamanga hapo mjini, mnakata maji kama nusu saa hivi, asubuhi maana ziwa linakuwa limetulia. Ng'ambo mnakuta hiace za Sengerema zinawasubiri. Mnafika Sengerema mnakula, alafu kurudi hamrudi kwa feri, mnapanda gari yoyote ya Mwanza inayopita Daraja la Kigongo–Busisi, mnatokea Usagara, Buhongwa, mpaka Nyegezi kisha mjini. Yaani mmelizunguka ghuba kwa maji na kwa lami siku moja, bila kukodi chochote.

Daraja lenyewe limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, nchini halina mwenzake kwa urefu. Sisi wa zamani tunakumbuka foleni ya kivuko pale, ukikuta limeondoka unakula mahindi ya kuchoma mpaka taya zinauma. Saivi dakika chache umevuka. Mwambie wa miaka 12 ahesabu nguzo, wangu hajawahi kupata jibu moja mara mbili.

ngwana_kisesa
Mwadila! Mnaitaja Mwanza yote mnaacha Bujora? Dada, panda daladala ya Kisesa, ukishuka chukua boda au kama watoto wana miguu pandeni tu, si mbali. Ni makumbusho ya Wasukuma, ilianzishwa miaka ya hamsini na padre mmoja wa Kikanada, David Clement, wazee walimuita Fumbuka. Kuna banda limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, kuna chumba cha ngoma za watemi, na kanisa lenyewe la duara. Muulizeni muongozaji habari za Bagalu na Bagika, vyama vya ngoma vinavyoshindana, kuna mpaka wanaocheza na chatu. Mkibahatisha mwezi huo wa sita kuna sikukuu ya Bulabo baada ya ile sikukuu ya Ekaristi, hapo ndo utaona vumbi. Mimi ni mwenyeji wa huko kwa hiyo sina haki ya kusema ni pazuri, ila ni pazuri.

sista_mkolani
La haraka tu, watoto wasiingie kuchezea maji kwenye majani na maji yaliyotulia, kichocho kipo. Miguu tu inatosha, yule mdudu anapita kwenye ngozi.

mzawa_wa_kirumba
Sista tumekulia humo humo mbona tupo

sista_mkolani
Na ulipewa dawa ya kichocho shuleni kila mwaka, umesahau? Watoto wa Singida hawajui hata maji ya ziwa yananukiaje. Wacheze mchangani.

mamawatatu
Asanteni jamani. Swali la mtoto hamjanijibu, ng'ambo inaonekana?? Na Ukerewe je kwa meli?

baba_nyegezi
Kutoka mjini utaona ng'ambo ndio, lakini hiyo ni ghuba, unayoiona ni Sengerema, bado mkoa wa Mwanza. Ng'ambo ya kweli ni Uganda na haionekani ng'o. Ukerewe ni meli ya kwenda Nansio kama masaa matatu, ni heri mlale huko usiku mmoja, na wa miaka 4 kwa safari hiyo mimi ningeiacha mpaka akue.

mamawatatu
Wadau nimerudi. Noah hatukukodi.

Saanane tumeenda, Bujora tumeenda (wa miaka 12 kapiga ngoma mpaka muongozaji kamnyang'anya kwa upole). Ila mzunguko ndo umenibeba. Kwenye feri tulikaa karibu na mama mmoja ana ndoo tatu za nyanya na kuku wawili kawafunga miguu, huyu mdogo wa miaka 4 akawa anawapa kuku biskuti moja moja njia nzima, mama wa watu hajasema neno. Huyu wa kati kasimama kashika chuma, anaiangalia Kamanga inakuja. Tulipofika akauliza "hii ndo Uganda?" Nikamwambia ni Sengerema. Alinuna. Kapanda hiace kanuna, kala ugali na sato kanuna, mpaka darajani akageuka upande wa kushoto kule maji yanakofunguka, akakaa kimya muda, kisha akasema "kumbe iko kule ambako hakuna kitu." Nikasema ndio.

Shida moja tu, jana saa kumi na moja jioni tulisahau ushauri, tukapanda ya Buhongwa, baba yao alisafiri na begi la mtu asiyemjua mapajani mpaka Mkuyuni.

Sasa swali la mwisho, tumebaki na nusu siku, basi ni kesho alfajiri. Mama mkwe anataka samaki. Sato wabichi watafika Singida?

mzawa_wa_kirumba
Wabichi uwe na deli na barafu ya kutosha, na konda wa basi akikusikia harufu mtagombana. Nenda Mwaloni, soko la samaki hapo Kirumba, chukua sangara wa kukausha na dagaa. Dagaa funga mifuko mitatu, ya nne ndo begi. Na mama mkwe ukimpigia usimwambie kilo ngapi.