Kikundi: Familia ya Kamalondo

JUMATANO

[06:48] Yaya Bibiche: Jambo yenu wote. Siku ya Mungu tunakutana kwa Papa Mukubwa, saa saba kamili. Neno ni moja: kiwanja chetu, parseli ya Kamalondo hapa Lubumbashi, na ombi la Trésor. Kila mutu aandike NAKUJA ao SIKUJI.

[06:49] Yaya Bibiche: Sasa, siyo jioni.

[09:31] Yaya Bibiche: Watu 14 wameona. Jibu sifuri. Aksanti.

[09:40] Djo: Nakuja kama kuko bukari

[09:41] Yaya Bibiche: Djo usianze.

[09:41] Djo: Bukari na samaki ya Kasenga. Ile ya kukauka vizuri, siyo ile ulituletea Noeli

[11:05] Mireille: Ombi gani tena? Nilikuwa mu matanga ya Likasi, simu haikuwa na mega.

[11:06] Yaya Bibiche: Panda juu usome.

[11:09] Mireille: Nimepanda. Nimekuta video za kwaya na mutu anauliza bei ya makala ya kupikia.

[11:10] Djo: Ni mimi. Bado sijajibiwa

[11:16] Yaya Bibiche: Basi narudia, na ni mara ya mwisho. Trésor anataka kununua apatima kule Deux-Montagnes, pembeni ya Montréal, Canada, karibu na stesheni mpya ya treni, kabla bei haijamshinda. Benki inataka atangulize pesa. Anayo sehemu. Inabaki 6,000. Kuko mutu anataka upande wa nyuma wa parseli, analipa yote mkononi. Tunakata, tunamupa Trésor, yeye anarudisha kidogo kidogo. Apatima ikipanda bei, familia iko ndani. Mununuzi anataka jibu Ijumaa.

[11:18] Djo: 6,000 ya Canada ao dola ya kweli? 😂

[11:18] Mireille: 😂😂

[11:19] Djo: Na noti zisiwe na kovu. Juzi nimepeleka ya 20 imechanika kidogo tu pembeni, mama wa kubadilisha pesa akaiinua juu ya jua, akaigeuza, akaikunja, akanirudishia kama barua ya deni

[11:21] Yaya Bibiche: Naongea mambo ya familia, munaongea noti.

[13:02] Trésor: 🎤 sauti 6:14

[13:04] Mireille: Dakika sita? Andika, Trésor. Nani atanilipia mega?

[13:11] Trésor: Sawa yaya. Hapa ni saa kumi na mbili asubuhi, niko ndani ya treni yenyewe naenda kazi, mutanisamehe makosa

[13:13] Trésor: Hii treni inaitwa REM. Ni metro nyepesi, inapita juu, inatoka mujini Montréal mpaka huku kwetu pembezoni. Sehemu ya kwanza, ya Brossard, ilifunguliwa Julai 2023. Ya kwetu Deux-Montagnes ni Novemba 2025. Ikimalizika yote itakuwa km 67 na stesheni 26, ile ya uwanja wa ndege bado

[13:14] Trésor: Haina shofa

[13:14] Djo: Ati?

[13:15] Trésor: Kompyuta njo inaendesha. Watoto wanagombania kusimama mbele kabisa, kwenye kioo

[13:15] Djo: Kwetu shofa iko, treni njo haiko 😭

[13:16] Djo: Na nani alitoa pesa? Serikali?

[13:18] Trésor: Kubwa yake ni Caisse de dépôt, ule mufuko unaotunza pensheni ya watu wa Québec. Njo uliijenga, njo unaiendesha

[13:19] Djo: Kumbe pesa ya pensheni inaweza kutembea! Huku wazee wa pensheni ndio wanatembea, kila mwezi, kwenda kuuliza

[13:20] Mireille: Djo, Papa Mukubwa yuko humu.

[13:20] Djo: Ujumbe huu umefutwa

[13:27] Trésor: Musikilize kwa nini naharakisha. Zamani kulikuwa treni ya kawaida kwenye hii njia. Mwisho wa 2020 wakaifunga ili wajenge hii mpya, watu wakapanda basi karibu miaka mitano. Wengine walichoka, wakauza nyumba. Sasa imefunguka, wote wanataka kurudi. Na mpango wa mji wa 2012 ulisema angalau asilimia 40 ya familia mpya za eneo la Montréal zikae karibu na stesheni. Yaani huko ndiko watajenga, ghorofa juu ya ghorofa

[13:29] Trésor: Na mwenye kujenga jengo kubwa karibu na stesheni analipa tozo ya usafiri, inasaidia kulipia treni. Ni mambo ya mpango, siyo ya kubahatisha

[13:52] Mireille: Na hiyo tozo mjenzi anaitoa mfukoni mwake? Anaiweka juu ya bei, wewe ndiye unailipa.

[13:53] Mireille: Walitangaza hiyo treni mwaka gani?

[13:55] Trésor: 2016

[13:58] Mireille: Basi wenye kula wamekwisha kula. Mimi niko mpakani Kasumbalesa kila wiki, naona. Kiwanja kinanunuliwa siku watu wanapita na kamba za kupima, siyo siku wanakata utepe. Wewe unaingia na utepe.

[14:03] Trésor: Yaya, nanunua ili nilale humo, siyo kuuza kesho. Kodi ninayolipa sasa inapotea bule

[14:05] Mireille: Hiyo naielewa. Lakini Bibiche ameandika "familia iko ndani". Ndani ya nini? Ya kitanda chako?

[14:06] Djo: 😂😂😂😂

[14:20] Trésor: Na hii siyo maneno ya leo. Muone mlima ulioko katikati ya Montréal. Kampuni ya reli ilitaka kuutoboa, tuneli ya km 5 hivi. Ikanunua kwanza mashamba ya nyuma ya mlima, ikachora mji mzima, Mont-Royal, ikauza viwanja ili ilipe tuneli. Treni ya kwanza ilipita 1918. REM inapita mulemule mpaka leo

[14:22] Djo: Kwa hiyo waliuza mashamba ili wapate shimo. Na sisi tunauza Kamalondo ili tupate nini?

[14:23] Yaya Bibiche: Djo ukitaka kusaidia, andika NAKUJA bila "kama".

[16:40] Yaya Bibiche: Nahesabu. Mireille unakuja? Guelord? Serge? Tantine Astrid?

[16:58] Mireille: Nakuja.

[17:30] Djo: Siku ya Mungu kuko mechi ya Mazembe. Kamalondo haitapita hata baiskeli, nasema tu

[17:31] Yaya Bibiche: Tunakutana kwa Papa, siyo Kamalondo.

[17:31] Djo: Na kwa Papa unapita wapi? Juu?

[17:33] Mireille: Mechi ni saa ngapi?

[17:33] Djo: Saa tisa na nusu

[17:34] Mireille: Basi Papa naye atakuwa na redio sikioni. Hatasikia hata neno.

[17:36] Yaya Bibiche: Sawa, saa sita.

[17:36] Djo: Saa sita watu wako kanisani

[17:41] Yaya Bibiche: Nyinyi munataka tukutane saa ngapi, usiku wa manane na mishumaa?

[19:50] Guelord: Na mashine ya kusaga ya Likasi?

[19:52] Yaya Bibiche: Guelord, tafadhali.

[19:53] Guelord: Nimeuliza tu. Ile pia ilikuwa "kidogo kidogo".

[19:59] Trésor: Yale mambo yalimalizika mbele ya Papa

[20:00] Guelord: Yalimalizika kwako. Wewe ulipanda ndege. Mama alisaga mahindi kwa majirani mpaka siku alipoanguka.

[20:01] Trésor: Usimuingize Mama

[20:01] Guelord: Sikumuingiza mimi.

[20:04] Djo: 🙈

[20:05] Yaya Bibiche: Tunaomba heshima. Kuko watoto humu.

[20:07] Mireille: Mimi nina swali jepesi. Huko "upande wa nyuma" kuko nani?

[20:08] Yaya Bibiche: Kuko vyumba viwili na choo cha zamani.

[20:08] Mireille: Nimeuliza nani. Sikuuliza nini.

[20:15] Guelord: 📷 Picha

[20:15] Guelord: Nimepita leo jioni. Huo ndio upande wa nyuma.

[20:17] Trésor: Nani alipaka ukuta bluu?

[20:18] Guelord: Astrid. Na pesa ya maandazi. Na yale mabati juu ya mbabula ya kupikia aliyanunua moja moja, ndiyo maana hayafanani. Bidoni za maji amezipanga mpaka ukutani, huo ukuta ndio munataka uwe mpaka.

[20:19] Djo: Mwembe wameukata??

[20:20] Guelord: Haujakatwa. Ni picha imekata.

[20:22] Yaya Bibiche: Tantine Astrid atapewa chumba cha mbele. Nilisema toka mwanzo.

[20:22] Mireille: Ulimwambia yeye?

[20:23] Yaya Bibiche: Nitamwambia Siku ya Mungu, mbele ya wote, kama inavyofaa.

[20:24] Mireille: Ahh.

[20:24] Mireille: Yumo humu ndani, Bibiche.

[20:26] Yaya Bibiche: Hajaona. Iko alama moja tu.

[21:37] Papa Mukubwa: Watoto wangu, jambo. Ni Papa Mukubwa. Mtoto wa Mireille anaandika, mimi nasema. Nimesomewa yote, na yale ya pensheni pia, ambayo Djo amefuta.

Nilifanya kazi ya reli tangu ujana wangu mpaka siku waliponipa saa ya ukutani na kunishukuru. Msinifundishe stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitoka Rhodesia, ikifuata shaba, haikufuata mtu. Mwaka 1931 ikafunguka njia ya kwenda Lobito, pwani ya Angola. Pahali treni iliposimama, soko lilikuja, kisha nyumba, kisha bei. Trésor hakosei katika hilo.

Lakini waliotandika reli hii walipewa kwanza haki za madini, ndipo wakaleta chuma. Baba yetu naye alitandika chuma. Alichopata ni parseli hiyo moja, wakati ule mahali hapo bado paliitwa Cité Albert, na walimpimia ndogo tangu mwanzo. Sasa mnataka kukata kilichokwisha kukatwa.

Trésor, swali langu ni moja. Kwenye karatasi ya hiyo nyumba ya huko, litaandikwa jina la nani?

Makaratasi ya Kamalondo ninayo mimi, ndani ya kasha. Sijakataa. Sijakubali. Hayatoki mpaka Astrid aseme kwa kinywa chake. Na Guelord, mambo ya mashine uyalete kwangu nyumbani, usiyalete mbele ya watoto. Uyalete, nitakusikiliza.

[21:38] Papa Mukubwa: Na mkutano uwe kabla ya mechi.

[22:20] Mireille: Aksanti Papa.

[22:21] Djo: 🙏🏾 Nisamehe Papa

[22:24] Guelord: Nimesikia Papa. Nitakuja.

[22:30] Yaya Bibiche: Aksanti Papa. Kwa hiyo mununuzi nimwambie nini Ijumaa?

[22:51] Trésor: Ujumbe huu umefutwa

[23:08] Trésor: Papa, shikamoo. Jina litakuwa langu. Benki haitakubali kuandika familia nzima, wanataka mutu mwenye mshahara wa huku. Lakini tunaweza kufanya barua kwa noteri hapo Lubumbashi, kwamba nimepokea kiasi fulani, na kila mmoja ana sehemu yake

[23:10] Guelord: Barua.

[23:11] Trésor: Ndiyo, barua, na muhuri

[23:12] Mireille: Na ukishindwa kulipa, noteri wa Lubumbashi atapanda REM kuja kukutafuta?

[23:13] Djo: Atakaa mbele kwenye kioo na watoto 😂 samahani Papa

[23:15] Trésor: Yaya Mireille, benki huku inataka utangulize angalau asilimia 5 ya bei. Mimi niko karibu sana kuifikia. Siombi zawadi. Na offa yangu inaisha Siku ya Mungu usiku, saa ya huku. Ikipita, anapewa mwengine

[23:16] Yaya Bibiche: Hiyo hukuniambia.

[23:16] Trésor: Nilisema kwenye sauti

[23:17] Yaya Bibiche: Sauti ya dakika sita nani aliisikiliza?

ALHAMISI

[05:22] Tantine Astrid: Jambo yenu. Umeme umerudi usiku huu, njo nimeona maneno yenu yote. Ukuta niliupaka bluu kwa sababu rangi nyingine ilikuwa imekwisha dukani.

[05:25] Tantine Astrid: Siku ya Mungu niko na kwaya mpaka saa sita. Na kwa nini tukutane kwa Papa? Parseli iko huku. Mukuje muone kwa macho pahali munataka kupitisha kamba. Papa, Guelord atakuchukua na gari, nimemuomba.

[05:26] Tantine Astrid: Djo, makala ni kwa mama wa pembeni ya stadi, umwambie nimekutuma.

[06:10] Mireille: Mimi nakuja kwa Tantine.

[06:31] Djo: Na mimi. Kwake bukari ni ya hakika

[06:32] Yaya Bibiche: Hatujakubaliana kama ni kwa Tantine. Na kule siku ya mechi gari halipiti, Djo mwenyewe amesema.

[06:33] Djo: Nilisema baiskeli

[06:40] Yaya Bibiche: Papa, unaonaje? Kwako ao Kamalondo?

[07:15] Yaya Bibiche: Papa?

[07:44] Yaya Bibiche: Nani yuko karibu na Papa amuulize kama amesoma?

[07:52] Papa Mukubwa: ni mimi mtoto wa mama mireille. papa amesoma. amesema atajibu akimaliza kunyoa ndevu

[08:20] Trésor: Tafadhali yaya Bibiche, kwa mununuzi uombe hata Jumatatu. Mimi nitajaribu kuongea na mwenye apatima, lakini siahidi

[08:21] Yaya Bibiche: Nimekwisha kuomba. Amesema atafikiri.

[09:47] Serge: Jambo yenu wote, nimeona sasa tu. NAKUJA. Hiyo stesheni mpya ya Kamalondo itafunguliwa lini?