Joto la kukoma hedhi linanimaliza, na homoni nimekatazwa

Mbanika Migebuka, Kibirizi
Shikamooni wakubwa. Nina miaka 50, hedhi imeshakoma. Joto linaanzia kifuani, linapanda hadi usoni, jasho linalowesha kitenge, kisha natetemeka kwa baridi. Usiku ndiyo balaa, silali. Mchana nashinda motoni nikibanika samaki wa migebuka. Nilitibiwa saratani ya titi na bado nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, kwa hiyo daktari alisema homoni si za kwangu. Soko la Mwanga kuna mama ananiuzia mizizi, mingine ya kunywa, mingine ya kujifukiza huko chini. Wenzangu mlifanyaje?

Bibi Miembeni, Tabora
Pole sana dada. Mimi niliacha chai ya tangawizi jioni, pilipili nikaisogeza mlo wa mchana. Naoga maji ya baridi kabla ya kulala, natandika shuka la pamba. Pia nakoroga unga wa mlonge na asali yetu ya huku. Jaribu.

Nesi Mstaafu, Ujiji
Mdogo wangu, mizizi hiyo usiinunue. Tamoksifeni hufanya kazi vizuri baada ya ini kuibadilisha, na zipo dawa za miti zinazovuruga kazi hiyo. Nyingine zina viini vinavyofanana na homoni uliyokatazwa. Kujifukiza ndiyo usithubutu: ngozi ya huko sasa ni nyembamba na kavu, itaungua. Kama ukavu unakusumbua, duka la dawa wanauza kilainishi cha maji, na sabuni za manukato ziache. Wanawake wengi wanaumia kimya kwa jambo hili, na inaniuma sana.

Tamoksifeni yenyewe nayo huleta joto hilo. Usiiache! Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inashtuka upesi; joto likizidi kidogo tu, inaamuru jasho. Ndiyo maana moto wa kubanikia unakuchokoza. Banika alfajiri, simama upande upepo wa ziwa unakotoka, maji ya kunywa yawe karibu. Andika kwenye daftari ulikula nini na ulikuwa wapi kila joto linapokuja, utajua kinachokuamsha ni kahawa, pombe au hasira. Uzito ukizidi, kuupunguza kunasaidia. Ushauri wa kisaikolojia nao una ushahidi mzuri, japo wengi wanaupuuza.

Dada wa Tabora, mlonge wa mboga hauna neno. Ila huo unga kama dawa, mtu anayemeza tamoksifeni amuulize daktari wake kwanza.

Mifupa nayo hulegea umri huu. Kula dagaa wazima na miiba yake, panda kilima kwa miguu badala ya bodaboda. Na jasho la usiku likija na homa, kikohozi au kukonda, pima malaria na kifua kikuu. Yote haya yakishindwa, zipo dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto, lakini achague daktari, maana baadhi zinagongana na tamoksifeni.

Mume wa Kasulu
Mke wangu naye yupo humo. Sasa tunalala kila mtu na shuka lake, dirisha wazi lenye wavu. Akiamka naamka nimletee maji. Wanaume wenzangu, hili linatuhusu.

Mbanika Migebuka, Kibirizi
Asanteni sana. Shikamoo dada Nesi, nimekuelewa, mizizi sinunui. Nina jambo moja nilikuwa naona aibu. Mwezi uliopita niliona damu kidogo, na nilikuwa nimeshapita mwaka mzima bila hedhi. Nilidhani inarudi.

Nesi Mstaafu, Ujiji
Marahaba. Hapana, hiyo si hedhi. Mara nyingi chanzo huwa kidogo, lakini kwa anayemeza tamoksifeni lazima mji wa mimba uangaliwe. Usisubiri tarehe ya kliniki yako. Kesho asubuhi nenda hospitali ya Maweni, na kabla hujaulizwa lolote waambie: nimekoma hedhi, nameza tamoksifeni, nimeona damu.