Mieleka ya sekondari Malindi: tuanze na mchanga, au tusubiri godoro?

Mwalimu wa michezo, Malindi (mwenye hoja)

Assalamu alaikum, hamjambo. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo ilifungua mlango kwa michezo ambayo shule zetu za Pwani hazijawahi kuishughulikia. Mieleka ni mmojawapo. Kila inapotajwa, jibu ni lile lile: hatuna godoro la kuchezea. Nasema tusisubiri. Mieleka ya ufukweni ni mchezo kamili unaotambuliwa na shirikisho la dunia, UWW. Duara lina kipenyo cha mita 7, pambano ni dakika 3 bila mapumziko, na anayetangulia kupata pointi 3 ameshinda. Ukimsukuma mwenzako nje ya duara, pointi 1. Ukimwangusha, pointi 1. Ukimbwaga chali moja kwa moja kutoka wima, pointi 3 na mchezo umekwisha. Tena umo katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026. Mchanga tunao kuanzia Mayungu hadi Mambrui. Anayepinga aseme sababu.

Kocha wa mieleka, Malindi

Wa alaikum salaam, mwalimu. Napinga, wala si kwa sababu nadharau mchanga. Mchangani mtu akianguka, refa anawainua na mnaanza upya. Hakuna kazi ya chini, yaani kupambana mkiwa mmelala. Katika mieleka huru (freestyle) ya godoro, kazi ya chini ni nusu ya mchezo. Vijana walio chini ya miaka 17 hucheza vipindi viwili vya dakika 2, mapumziko sekunde 30 katikati, na tofauti ya pointi 10 humaliza pambano. Mtoto aliyelelewa mchangani akipelekwa huko, ataangushwa mara moja, pointi 2. Hajui kulala akiwa ametanua magoti na kubana viwiko, kwa hiyo atakumbatiwa kiunoni na kubiringishwa: 2, tena 2, tena 2, tena 2. Kumi kwa sufuri kabla hajatoa jasho. Kisha tutasema watoto wa Pwani hawawezi mieleka.

La pili ni magoti. Shambulio la miguu linataka goti litangulie na kuteleza katikati ya miguu ya mpinzani. Mchangani goti halitelezi, linazama na kukwama, na mwili unapogeuka goti hubaki pale pale. Mwanafunzi atajifunza kukwepa shambulio hilo na kutegemea ngwala na kubwaga kwa kiuno. Tabia hiyo kuja kuivunja baadaye ni kazi ngumu.

Mzazi, Shella, Malindi

Kwani godoro lenyewe lina nini hata lisipatikane? Si tuunganishe magodoro ya kulalia ya bwenini, juu tufunge turubai?

Kocha wa mieleka, Malindi

Bi mkubwa, hapo ndipo vifundo vya miguu vinapovunjikia. Sponji ya kulalia ni laini mno: mguu unazama, mwili unazunguka, na mtu akibwagwa kwa uzito anaigonga sakafu iliyo chini. Povu la mieleka ni gumu, unene wa sentimita 4 hadi 6, na hurudi mahali pake mara moja.

Godoro la mashindano ni mita 12 kwa 12, lenye duara la mita 9 ndani. La mazoezi si lazima liwe kubwa hivyo. Vipande vya kuunganisha vya mita 1 kwa 1, unene sentimita 4, vikiwa 64 vinatoa mita 8 kwa 8, na jozi nne zinafanya mazoezi bila kugongana. Viwekwe ndani ya fremu ya mbao iliyobanwa sawasawa, la sivyo viungo vinaachana na vidole vya miguu vinanasa kwenye nyufa. Juu yake lipitishwe turubai laini la plastiki, livutwe mpaka lisiwe na mkunjo. Msitumie maradufu ya tanga: yanachuna ngozi ya viwiko na mashavu. Na kwa joto letu chumba kiwe na madirisha pande mbili. Godoro lililofungiwa na jasho huota ukungu upesi.

Muuguzi wa afya ya shule, Malindi

Mnabishana juu ya pointi, na ngozi hamjaitaja. Godoro na mchanga vyote vina maradhi yake.

Kwenye godoro ni choa na vidonda vya usaha vinavyoambukizana kwa kusuguana. Godoro lipigwe deki kabla na baada ya mazoezi kwa jiki iliyochanganywa siku hiyo hiyo, mililita 100 kwa lita 5 za maji, iachwe dakika 10 ndipo ikaushwe. Kucha zikatwe, taulo isiazimwe, na kabla ya kuanza kocha aangalie shingo, mikono na nyuma ya magoti. Mwenye kidonda kibichi hachezi, hata kama ndiye tegemeo la shule. Kukifunika kwa plasta hakutoshi, maana hung'oka kwa jasho dakika ya kwanza.

Mchangani hatari kubwa ni ule mchanga mkavu wa juu, chini ya mivinje, ambako paka na mbwa hujisaidia. Viluwiluwi vya minyoo yao hupenya ngozi ya binadamu na kutambaa chini yake, vikiacha mchirizi mwekundu unaowasha usiku kucha. Ongeza funza, ndoana za wavuvi, chupa na vipande vya matumbawe. Chagueni sehemu inayooshwa na maji yanapojaa. Lakini nayo ikibanwa na maji inakuwa ngumu kama saruji, kwa hiyo ichimbuliwe kwa jembe hadi sentimita 30, ichambuliwe kwa reki, halafu ndiyo mtu abwagwe.

Mwalimu wa michezo, Malindi

Ahsante, dada. Hili la maji nimelikubali, lakini linatufunga na ratiba. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, saa za maji kujaa zikiangukia jioni, ufukwe hauna nafasi hata ya duara moja. Na msimu wa kusi kuna mwani uliolundikana.

Mwalimu, Lamu

Ndiyo maana sisi huku tunafikiria uwanja ndani ya ua wa shule. Hesabu ni hii: mita 9 kwa 9, ili duara lipate mita moja ya usalama kila upande, kina sentimita 30, ni zaidi kidogo ya mita 24 za ujazo. Huo ni mchanga wa tani karibu 40. Malindi ni safari sita za lori la tani saba. Lamu mjini ni punda, na hesabu ya punda mfanye wenyewe. Vilima vya mchanga vya Shela, ya huku Lamu, visiguswe kabisa: ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Kisha usiku uwanja ufunikwe, maana paka wa Lamu hawana simile.

Faida ya ua ni kwamba wasichana wanafanya mazoezi bila kutazamwa na kila mpita njia. Hili kwetu si dogo. Ufukweni wazazi wengi watakataa, na haki yao.

Refa, Malindi

Naongeza uzani, ambao kwangu ni mzito kuliko godoro na mchanga. Mchangani ngazi za watu wazima ni nne tu: wanaume 70, 80, 90 na zaidi ya 90, wanawake 50, 60, 70 na zaidi ya 70. Zimeachana kwa kilo 10. Kwenye godoro, wavulana chini ya miaka 17 wana ngazi kumi. Ngazi pana hupunguza tamaa ya kujikausha, yaani kujitoa maji mwilini ili uzani ushuke, ila humkutanisha kijana wa kilo 61 na wa 70.

Kocha wa mieleka, Malindi

Hapo tuko pamoja. Kujikausha kumeua: mwishoni mwa 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa mwezi mmoja hivi, wakijitoa jasho kwa nguo za mpira na vyumba vya joto. Shule za sekondari za huko sasa hazimruhusu mvulana kushuka chini ya asilimia 7 ya mafuta mwilini, msichana asilimia 12, wala kupoteza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Kwa kijana wa kilo 60 ni gramu 900. Na bado mtu mzima kama Vinesh Phogat wa India aliondolewa kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris 2024 kwa gramu 100. Mtoto aliyefunga Ramadhani asiguswe kabisa na habari za kupunguza uzani.

Mwalimu wa michezo, Malindi

Basi narekebisha hoja. Mchanga kwa muhula wa kwanza: kuanguka, kusimama, kushikana, ngwala. Jozi zisipishane zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa aliye mwepesi, yaani kilo 5 kwa mtoto wa kilo 50. Mazoezi kuanzia saa kumi na moja jioni, maji kila dakika 20. Godoro la vipande 64 lije muhula wa pili, shule tatu zichangie moja.

Kocha wa mieleka, Malindi

Kuanguka kwanza, wiki mbili nzima, kabla ya mtu kumshika mtu: kidevu kifuani, na asitangulize kiganja chini mkono ukiwa umenyooka, kwa maana kiwiko ndicho huchomoka. Hapo sina neno. Lakini hilo godoro la shule tatu litalala kwa nani, na nani ataliosha? Mkilijibu hilo kwa maandishi, nitakuja kufundisha hata mchangani.

Muuguzi wa afya ya shule, Malindi

Na jiki atanunua nani?