Mtendaji kahamishwa, choo cha mwalo kimeishia kwenye lenta: tunamdai nani?

MamaDagaa

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mimi nauza dagaa, mwalo wetu, yaani pale boti za wavuvi zinapotua, uko mkoa huu huu wa Mwanza. Jina la kijiji naliacha kwa sababu naishi hapa na wanangu wanasoma hapa.

Kwenye mkutano wa kijiji tulisomewa kwamba halmashauri imetutengea fedha za mapato ya ndani, tujengewe choo cha matundu sita pale mwaloni na vichanja vya kuanikia dagaa. Tukaambiwa nasi wananchi tuchangie. Kina mama tukabeba mawe na mchanga, kila mchuuzi akatoa shilingi 10,000, majina yakaandikwa kwenye daftari. Shimo likachimbwa, tofali zikapanda mpaka kwenye lenta, juu ya mlango, mafundi wakaondoka na hawakurudi. Vichanja viliishia nguzo, waya haujafika mpaka leo.

Kwa hiyo tunaanika mchangani. Anayeijua kazi hii anaelewa hasara yake. Dagaa wa kichanja ni safi, wanunuzi wa Kongo wanamgombea. Wa mchangani anakwenda kwa bei ya chakula cha kuku, na mvua ikimkuta chini anaoza, unabaki na mkopo wa kikundi mkononi. Kuhusu choo sitasema sana. Watu wanajisaidia kando ya maji, na watoto wanachota maji hapo hapo. Kichocho kwetu si habari ya redioni, kiko majumbani.

Wakati huo huo ushuru hausimami. Boti zikitia nanga asubuhi, kijana wa POS, ile mashine ya kukusanyia ushuru na kutoa risiti, yupo pale hata kabla hatujapima ndoo ya kwanza.

Sasa mtendaji wa kijiji aliyesimamia ule ujenzi amehamishwa, yuko kata nyingine na cheo chake kile kile. Aliyekuja anasema, "Mimi nimekuta hivi, muulizeni aliyekuwepo." Mwenyekiti anasema suala lipo juu. Diwani anasema linashughulikiwa. Naomba mwenye kujua sheria anijibu: mtu akihama, na deni lake linahama naye? Na kama haliondoki, nani wa kutujibu?

Mhasibu Mstaafu

Pole mayu, mama yangu. Nimefanya kazi ya hesabu kwenye halmashauri mpaka nastaafu, nitakujibu ninavyojua.

Deni halihami. Fedha zile hazikuwa za yule mtendaji, ni za halmashauri, na kwenye halmashauri kuna mtu mmoja ambaye kisheria ndiye afisa masuhuli, naye ni mkurugenzi. Yeye ndiye anayejibu kila shilingi iliyotoka, hata kama aliyeishika ni mwingine. Msikubali kurushwa kati ya aliyehama na aliyekuja. Andikeni barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mkaguzi wa ndani na kwa mkuu wa wilaya. Ombeni vitu vya kutajika: fedha kiasi gani ziliingia akaunti ya kijiji na tarehe gani, hati za malipo, makadirio ya vifaa, na majina ya kamati ya mapokezi iliyosaini kwamba saruji na waya vimefika. Hiyo ya mwisho msiiache kabisa. Mara nyingi waya ambao haukufika kuna mtu aliyeandika kwamba ameupokea.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa nguvu ya kuomba, na mwenye taarifa anatakiwa ajibu ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Kwenu ulisomwa lini mara ya mwisho?

Jambo jingine, maana naona wengi linawachanganya. Halmashauri ikisema imepata hati inayoridhisha kutoka kwa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, haina maana kwamba choo chenu kipo. Maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa. Nimeona halmashauri inapigiwa makofi kwa hati safi huku zahanati yake haina paa. Na CAG hana mamlaka ya kumfunga mtu. Anakagua na kuandika, taarifa inakwenda kwa Rais kisha Bungeni, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, inawahoji wakurugenzi. Kukamata na kupeleleza ni kazi ya TAKUKURU, ambao simu yao ya bure ni 113.

Kijana wa Ukerewe

Mzee umeeleza vizuri, lakini mimi barua zimenichosha. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilitoka Bugolora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara, ikapinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gatini. Kivuko cha watu 101. Waliothibitishwa kufa ni 228. Siku ile ilikuwa ya gulio, na kwamba kivuko kile kinajaza kupita kiasi ilikuwa siri ya nani? Kila abiria wa Ukara aliliona kwa macho yake, na kila anayekata tiketi alizihesabu. Baada ya mazishi ndipo mkurugenzi wa TEMESA, wakala wa serikali wenye vivuko, akaondolewa na bodi ikavunjwa.

Hicho ndicho kinachoniuma. Kwetu huku kiongozi anaguswa maiti zikishapangwa ufukweni. Kabla ya hapo kila mtu analijua jambo na hakuna anayeulizwa. Mama anaeleza choo na kichocho, na hicho nacho kinaua, ila kinaua taratibu, mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna kiongozi atakayekuja na msafara.

Nyavu za Kirumba

Naomba niseme lisilopendeza. Mama, hiyo POS mnapewa risiti? Maana mimi naona mialoni watu wanavyofanya. Kijana anasema karatasi imeisha au mtandao hakuna, mchuuzi anampa nusu ya ushuru mkononi, wote wawili wanaondoka wamefurahi. Taarifa za CAG karibu kila mwaka zinataja makusanyo ya halmashauri yasiyofika benki, na mengi yanaanzia kwenye mashine hizo hizo. Ukishampa nusu bila risiti huna ushahidi kwamba uliwahi kulipa chochote.

MamaDagaa

Kaka, wapo wanaofanya hivyo, siwezi kukataa. Lakini mpime na hali zao. Mtu ana ndoo mbili, mwezi umekuwa mkubwa wiki nzima boti hazikuingia ziwani, kijana anamwambia toa nusu. Ataacha nusu ibaki mfukoni alishe watoto, au alipe yote kwa ajili ya choo ambacho kimesimama kwenye lenta? Mkitaka tulipe kwa moyo, tuonyesheni waya wa vichanja. Mimi risiti nadai, ninazo kwenye mfuko wa nailoni.

Mzee Mhasibu, umeuliza mkutano. Tangu tumalize uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 2024, tumeitwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi na kwa ajili ya chanjo ya mifugo. Mapato na matumizi hayajasomwa.

Mhasibu Mstaafu

Hizo risiti zipige picha leo. Karatasi ya POS ikikaa kwenye joto maandishi yanafutika, baada ya miezi kadhaa utabaki na karatasi nyeupe. Na lile daftari la michango ya 10,000, tafuteni nani analo kabla halijapotea. Hiyo ni fedha yenu ya mfukoni kabisa, haijapita halmashauri, na ndiyo rahisi kuliko zote kuidai kwenye mkutano.

Kijana wa Ukerewe, hasira yako naielewa. Ila mimi ni mkubwa kidogo, nakumbuka nchi hii imewahi kufanya vingine. Mwaka 1977 Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mahabusu waliokufa mikononi mwa dola huku kwetu, Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu kwa mkono wake. Alisema wizara ni yake, akaondoka. Miaka minane baadaye akawa Rais, maana yake kuwajibika hakukumuua kisiasa. Leo nani amejiuzulu kwa ajili ya choo cha mwalo? Hata kusema samahani hawasemi.

Kijana wa Ukerewe

Shikamoo mzee, hilo la 1977 sikulijua. Basi ndiyo inaniuma zaidi, kumbe inawezekana.

Mama, kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi, wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nendeni hata kina mama kumi, mkae pale nyuma mmevaa kanga zenu za mwaloni. Diwani akiona wapiga kura wake wamekaa wanamtazama, hataweza kusema linashughulikiwa.

MamaDagaa

Ahsanteni sana. Daftari limepatikana, liko kwa mwekahazina wa kikundi chetu, sikujua kama alilihifadhi. Barua tumeiandika jana jioni, tumesaini wanawake na wavuvi pamoja, na yule mtendaji hatukumwita mwizi, tumeuliza hayo manne uliyotaja mzee. Swali la mwisho: hii nakala ya mkaguzi wa ndani nimpelekee mwenyewe ofisini kwake au naiacha masijala?

Mhasibu Mstaafu

Zote ziache masijala, usimpe mtu mkononi. Nenda na nakala yako ya ziada, wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe hapo hapo ukiwa umesimama. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia mhuri huo. Wakisema mhuri hauko, subiri hapo mpaka mhuri urudi.