Tupeane uzoefu: korona (au ebola) ilikukuta S4 au S6 (sekondari mwaka wa nne au wa sita) hapa Uganda? Mtihani uliufanyaje?

Mwanabusia:
Jamani habari zenu. Jana mdogo wangu kashika cheti changu cha S4 ananiuliza mbona kimeandikwa 2020 na wewe unasema ulifanya 2021, nikacheka mpaka chai ikanipalia. Basi nikaona tupeane uzoefu hapa, waliokuwa kandideti (wa darasa la mtihani), walimu, wazazi, wote.

Naanza mimi. Machi 2020 Mzee (Rais Museveni) katangaza shule zifungwe, tukaambiwa ni mwezi tu, nikabeba godoro na nguo, vitabu vya kemia nikaviacha chini ya kitanda bwenini kwa sababu si narudi. Nilirudi Oktoba tarehe 15! Hapo katikati nilikuwa mpakani nauza chai na mandazi kwa madereva wa malori, foleni ilikuwa haina mwisho wanasubiri majibu ya vipimo, nikapata hela nzuri tu mpaka mama aliposikia redioni kwamba wagonjwa wengi wanaotangazwa ni madereva hao hao. Chupa ya chai ikafungiwa kabatini siku hiyo hiyo.

Mtihani tukaanza Machi 2021. Sasa praktiko ya kemia, mnajua ile ya kutambua chumvi, gesi inatoka lazima unuse, na wewe una maski. Nikiishusha kidogo msimamizi anapaza sauti "maski!", nikiipandisha sinusi kitu. Nikasubiri ageuke nikavuta pua moja kubwa, amonia ikanipanda mpaka kwenye ubongo, machozi tele. Jibu nilipata lakini.

ticha_wa_hesabu:
😂😂 Hiyo amonia nimeisikia huku. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya praiveti upande wa Wakiso. Shule ilipofungwa mshahara ulikoma mwezi huo huo, hakuna barua hakuna simu. Nikaanza kukaanga rolex (chapati na mayai) barabarani, wanafunzi wangu wakipita wanajificha, sijui walikuwa wanaona aibu wao au wananionea mimi.

Watu wanasema kulikuwa na masomo ya redioni, ya tivii na ya kwenye magazeti, na vile vijitabu vya NCDC (kituo cha taifa cha mitaala) vya kujisomea. Ni kweli vilikuwepo, ila gazeti moja watoto wanne nyumbani, na redio ikifika saa ya hesabu baba anataka habari. Mtandaoni ndio usiseme, OTT (ile kodi ya mitandao ya kijamii) ilikuwa shilingi 200 kila siku kabla hata hujanunua bando. Nilifungua grupu la WhatsApp la S4, darasa lina watoto 64, waliojiunga 9, na wawili kati ya hao ni wazazi.

Oktoba tukaitwa, kandideti peke yao. Darasa likagawanywa vyumba vitatu wakae mbalimbali lakini mwalimu ni mimi yule yule, kwa hiyo logarithimu nafundisha mara tatu kwa siku ndani ya maski, nikifika chumba cha tatu sauti imekwisha naandika tu ubaoni. Na si wote waliorudi. Kijana wangu mmoja mkali kweli wa hesabu nilimkuta anaendesha boda, akanibeba mpaka nyumbani na nauli akaikataa. Sikujua nimwambie nini. Nikamwambia asante.

Bint_Arua:
Mimi nilirudi na mimba, niseme tu maana nimeshazoea kusemwa. Mtoto nilimpata Januari, pepa Machi. Tuliruhusiwa kufanya mtihani, hilo nashukuru. Shangazi alikuwa anakaa chini ya mwembe na mtoto, nikimaliza pepa nakimbia kunyonyesha, shati limelowa mbele, nasoma bayolojia sura ya uzazi nacheka peke yangu. Wenzangu watatu wa darasa hawakuja kabisa, mmoja alishaolewa.

Mwanabusia:
Dada bambi, pole. Heshima yako.

kijana_mubende:
Nyie mlipata moja. Mimi korona ilinikuta S3, tukarudi Machi 2021, Juni tukafungwa tena, mpaka Januari 2022 ndio shule zote zinafunguliwa, watu wote wakasogezwa darasa la mbele bila mtihani, nikajikuta S4. Nikasema sasa hapa hakuna kitu kitanizuia. Septemba ebola! Na ikatokea wapi, Mubende, nyumbani kwetu 😭

Oktoba katikati Mubende na Kassanda tukafungiwa, boda hakuna, kafyu kuanzia saa moja jioni, na ndio mtihani wa S4 unaanza. Natembea maili kwa maili asubuhi na sare. Sasa wiki ya hesabu nikapata malaria. Getini kuna kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso, na ebola nayo inaanza na homa, kikisoma juu tu watu wote wanarudi nyuma kama umeshika bomu. Nikajimwagia maji ya baridi kichwani, haikusaidia. Nikawekwa chumba cha peke yangu, msimamizi kasimama mlangoni, karatasi yangu ikachukuliwa na mtu wa glavu. Walikuja kunipima, ilikuwa malaria tu. Lakini jamani kufanya vekta unatetemeka na mtu anakuangalia hivyo...

mpenda_haki:
Ndio maana nyie kundi la korona mnasemwa mlipita kwa huruma.

ticha_wa_hesabu:
@mpenda_haki njoo ukae chumba cha peke yako na malaria halafu utuletee vekta.

wa_kwanza_S1:
Na sisi tulioanza S1 Februari 2020 na mtaala mpya? Mwezi mmoja tu shuleni, vitabu vyenyewe havijafika, Kiswahili ndio kwanza kimekuwa cha lazima na mwalimu wa Kiswahili hayupo, pap, lokdauni. S4 nimefanya 2024. Wa kwanza kufanya mtihani mpya, wa kwanza kupewa A mpaka E badala ya divisheni, baba mpaka leo ananiuliza "sasa hii ni daraja la ngapi?"

Bint_Arua:
Mwanabusia hujasema, vile vitabu vya kemia chini ya kitanda ulivikuta?

Mwanabusia:
Mchwa. Walibakiza jalada.